Naomba ushauri: namna ya kuandika wasifu wa mdogo wangu, fundi wa mitumbwi aliyefariki akiwa na miaka 31

Swali kutoka kwa kaka wa marehemu, Igombe, Mwanza

Habari zenu ndugu zangu. Tuko katika maandalizi ya misa ya arobaini ya mdogo wangu, nami naomba mawazo ya wenye uzoefu wa mambo ya misiba.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Igombe. Alifariki akiwa na umri wa miaka 31, baada ya kutapika damu usiku na kufikishwa hospitali alfajiri akiwa ameishiwa nguvu kabisa. Siku ya maziko wasifu wake ulisomwa kwa muda usiofika dakika moja. Mimi ndiye niliyeuandika, karatasi ikiwa juu ya goti, kwa kufuata vichwa vilevile tulivyovizoea: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, kifo. Kwenye elimu niliandika kwamba alimaliza darasa la saba. Kwenye ajira niliandika kwamba alijiajiri. Kwenye ndoa na watoto sikuwa na la kuandika, na kwenye ugonjwa niliandika yale maneno ya siku zote, kwamba aliugua kwa muda mfupi. Nilipokaa chini niliwaona wavuvi waliokuwa wamesimama nyuma ya turubai, wengine wametoka Kayenze na visiwani, wakitazamana kama watu wanaongoja sehemu iliyobaki.

Sehemu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuiandika sasa, na sijui pa kuanzia.

Tangu utotoni hakuwa mtu wa kukaa ndani. Wengi tuliozaliwa Mwanza tunapita kando ya miamba hii kama mtu anavyopita kando ya ukuta wa nyumba yake, yeye aliipanda. Jumapili baada ya misa alikuwa akipanda mawe ya huku kwetu, na wakati mwingine ya Bwiru, akiwa peku, akakaa juu kabisa kuitazama ghuba, na akirudi nyumbani alikuwa na habari za kutueleza: pimbi wamezaa, au yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu amehamia jiwe jingine. Kati ya ndege alimpenda zaidi fundichuma, yule wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo, kwa sababu ya kiota chake, ambacho ni maelfu ya vijiti vilivyopangwa mtini hadi vikawa kibanda chenye paa, ndani kimesilibwa kwa tope, na kina mlango mdogo tu wa kuingilia. Aliwaleta vijana wake wa kazi chini ya mti wenye kiota hicho na kuwaambia watazame kazi ya fundi asiye na msumari.

Mambo mawili yananitatiza. La kwanza ni kwamba alikuwa akilala nje. Mara tatu au nne kwa mwaka alichukua blanketi jioni, akarudi asubuhi macho mekundu, na akiulizwa alijibu kwamba alikuwa ziwani, basi. Mama alilia sana kwa ajili ya jambo hilo, nami nilimkemea, tena mbele ya watu. Sijui kama wasifu utaje tabia hiyo au uinyamazie. La pili ni ugonjwa wenyewe. Daktari alitueleza kwamba ni kichocho kilichokuwa kimeharibu ini kwa miaka mingi, lakini mtaani wanasema alirogwa na fundi mwenzake, na kuna mzee mmoja ambaye sasa hasalimiwi kwa sababu ya maneno hayo.

Misa ni baada ya wiki mbili. Naomba msaada wenu.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu mstaafu, Nyegezi

Pole sana kijana wangu. Tangu nistaafu nimekuwa nikiombwa kusoma wasifu wa marehemu katika misiba ya huku kwetu, na mara nyingi kuuandika, kwa hiyo ugumu ulio nao nimeuona katika familia nyingi. Vichwa ulivyovifuata vilitokana na maisha ya mtumishi wa ofisini: aliajiriwa lini, alipandishwa cheo lini, alistaafu lini. Mtu aliyeishi hivyo vinamtosha. Fundi, mvuvi na mama lishe haviwatoshi, na ndiyo maana wengi wao huagwa kwa dakika moja ilhali uwanja umejaa watu waliowahitaji kila siku.

Anza na kazi. Usiseme kwamba alijiajiri; sema alifanya nini kwa mikono yake, kwa vitenzi vya kazi yenyewe, kwa maana fundi wa mitumbwi hupasua, huchonga, hupinda, hushindilia. Taja alijifunza kwa nani, aliunda mitumbwi mingapi, mingapi bado inaelea na iko katika mialo gani, na vijana wangapi wamepitia mikononi mwake. Kama aliacha daftari, litafute. Kama hakuacha, nenda mwaloni alfajiri vyombo vinaporudi uulize, kwa maana mwenye mtumbwi humkumbuka aliyeuunda kama mfugaji anavyokumbuka ng'ombe wake alimtoa kwa nani.

Sisi wa Usukuma jambo hili tulikuwa nalo siku zote. Katika bugobogobo wachezaji huingia uwanjani na majembe, wakayarusha juu na kuyadaka kwa mdundo wa ngoma, na mkulima hodari husifiwa akiwa ameshika chombo chake cha kazi. Kwa hiyo ukiweza, siku ya misa omba ruhusa uweke tezo yake, kile chombo cha kuchongea mbao, mezani kando ya picha. Watu wataielewa kabla hujafungua kinywa.

Kuhusu kulala nje, nakushauri usiandike usilolijua, wala usifute jambo kwa sababu tu lilikuumiza. Uliza kwanza. Wasifu ukishasomwa huwa ni neno la familia, na hakuna mtu anayenyoosha mkono kanisani kulisahihisha. Dakika sita au saba zinatosha.

Jibu la pili, kutoka kwa mvuvi, Ukerewe

Pole sana ndugu yangu, na samahani kwamba sikufika kwenye maziko, kwa kuwa habari zilinifikia Nansio siku ya tatu. Nimesoma ulivyoandika kuhusu kulala kwake nje, nikaona siwezi kunyamaza, kwa sababu usiku mmoja kati ya hizo nilikuwa naye.

Mtumbwi wangu wa futi 28 aliuunda yeye. Kwa wasiojua kazi hii niseme kwamba chombo kipya cha mbao hakiwi tayari siku kinapokamilika ufukweni. Mbao zimekauka, na hata fundi awe hodari namna gani, kikishushwa majini mara ya kwanza maji hupenya kwenye maungio, mpaka mbao zinywe, zivimbe na kubanana. Kati ya ubao na ubao hushindiliwa pamba, iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, kwa patasi butu na nyundo. Pamba ikiwa haba, maji hayakomi. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikivimba husukumana na kulegeza misumari. Mafundi wengi hukiacha chombo majini usiku kucha, wakaja asubuhi kutazama kimeingiza maji kiasi gani, wakayakumba na kuziba palipo wazi. Mdogo wako hakuukubali utaratibu huo. Alisema kwamba asubuhi unayaona maji, lakini huoni yalikoingilia.

Kwa sababu hiyo kila mtumbwi aliouunda alilala ndani yake usiku wa kwanza, umetiwa nanga hatua chache kutoka ufukweni. Mimi alinitaka nilale naye, akisema kwamba chombo ni changu na ni lazima nikijue kabla hakijanipeleka mbali. Tulipanda saa mbili usiku. Yalikuwa majira ya giza, na mbali ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga hadi ungedhani kuna mji mwingine kule. Alilala kifudifudi juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani za mtumbwi, akashusha mkono na kukilaza kiganja chini kabisa, bila kuwasha tochi, akawa anakisogeza taratibu kutoka kwenye mkuku kwenda ubavuni, ungio kwa ungio. Nikamsikia akisema, "Hapa panatoa jasho." Akapapasa taruma lililo jirani na kuliwekea alama ya chaki. Baada ya saa nzima alirudi palepale, akakuta ubao umejifunga wenyewe, akaifuta ile alama kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo ulivyokwenda usiku wote: anaweka alama, anasubiri, anafuta. Kulipopambazuka zilikuwa zimebaki alama mbili, na hizo mbili ndizo alizozifanyia kazi tulipouvuta mtumbwi nchi kavu. Tangu siku hiyo nimevulia mtumbwi ule misimu sita, na palipokuwa na alama zile hapajawahi kuingiza hata tone.

Sikumbuki kama alifumba macho. Kati ya zamu na zamu alikaa akisikiliza, akanieleza ndege gani analia na yuko upande upi, na alfajiri furukombe alipopiga kelele kutoka kwenye mawe, alinyamaza katikati ya sentensi mpaka ndege amalize, ndipo akaendelea. Nilipomwuliza usiku ule nimlipe kiasi gani, alijibu kwamba hauna bei, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kazi anayoipenda zaidi.

Ndugu yangu, macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya kukesha kazini. Naamini hakuwaeleza kwa sababu kwake halikuwa jambo la kueleza. Na kama mtaniruhusu, nitakuja kwenye misa na kusema haya mwenyewe.

Jibu la tatu, kutoka kwa muuguzi, Sengerema

Poleni sana kaka, wewe na mama. Nitasema juu ya ugonjwa tu, kwa kuwa naona mengine yamepata wenyewe.

Watu wengi wanakijua kichocho kwa damu kwenye mkojo. Hicho ni kichocho cha kibofu, ambacho kwetu Usukuma kinapatikana zaidi bara, kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Kilichoenea ufukweni na visiwani ni kichocho cha tumbo, na hicho hakitoi damu ya mkojo, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nacho tangu utoto bila kukishuku. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi kitu. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mengine hutoka na choo, na mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo na kuacha makovu. Miaka ikipita, damu hukosa njia ya kupita kwenye ini, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutanuka kwa sababu ya shinikizo, mpaka siku moja mmojawapo unapasuka. Hapo ndipo mtu aliyekwenda kazini asubuhi anatapika damu usiku. Kwa asiyejua, kifo cha namna hiyo kinaonekana kama kitu kilichotumwa, na tumbo lililovimba kwa miezi linaongeza ushahidi wa uongo.

Mdogo wako alisimama katika maji ya magoti na ya kiuno karibu kila siku ya maisha yake, kwanza akiogelea, kisha akishusha na kuvuta mitumbwi. Hakuna fundi mwenzake anayehitajika katika maelezo hayo. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba utaje ugonjwa kwa jina lake, kwa sentensi mbili tu. Ukisema hadharani kwamba daktari alieleza ni kichocho cha tumbo, yule mzee asiyesalimiwa atasalimiwa, na vijana wa karakana waliojaa kanisani watasikia kitu kinachowahusu. Dawa ipo, ni prazikwanteli, inapimwa kulingana na uzito wa mtu na kwa kawaida humezwa mara moja. Watoto huipata kwa kugawiwa shuleni, lakini mtu mzima anayefanya kazi majini amekuwa akisahaulika mara nyingi, ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali penye maambukizi mengi dawa igawiwe kuanzia umri wa miaka 2 mpaka kwa watu wazima. Waombe vijana wake waende wakapimwe choo. Na kwa sababu maambukizi hurudi kadiri mtu anavyoendelea kuingia majini, kumeza mara moja katika maisha hakumalizi kazi.

Jibu la nne, kutoka kwa aliyekuwa mwanafunzi wake, Musoma

Kaka, shikamoo. Nilijifunza kwake kwa miaka miwili, na karakana ninayofanyia kazi sasa niliianza kwa msumeno alionipa yeye. Yale ya usiku wa kwanza ndani ya mtumbwi ni kweli tupu, na sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kulala humo mpaka atuamini.

Naomba uongeze jambo moja. Kila kijana aliyemaliza mwezi wa kwanza alipelekwa Igoma, kwenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Hakutuhutubia. Alituacha tutembee katikati ya makaburi kwa muda, kisha tukapanda daladala kurudi. Kesho yake asubuhi alinirudishia taruma nililokuwa nimelichonga haraka haraka ili niwahi kuondoka, akaliweka mbele yangu bila neno, nikalichonga upya. Mwezi uliofuata alitupeleka kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kutulipia kiingilio sote watatu, akatuonyesha pimbi na mamba, na siku hiyo aliongea tangu tunashuka kwenye boti mpaka tunarudi.

Kaka wa marehemu anajibu

Mwalimu, shikamoo, na nyote nawashukuru kwa moyo wote. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilikuwa mwaloni.

Daftari lipo. Lilikuwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya keekee, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ameandika mitumbwi 46, kila mmoja na urefu wake, aina ya mbao na mwalo ulikokwenda, na pembeni ya kila mmoja kuna tarehe na namba ndogo ambayo mwanzoni sikuielewa. Baada ya kusoma jibu la ndugu yetu wa Ukerewe nikaelewa kwamba ni idadi ya alama za chaki zilizobaki asubuhi. Mtumbwi wa kwanza una alama 17. Wa ndugu yetu una 2, kama alivyosema. Ya mwisho mitatu ina sifuri.

Tarehe ya mtumbwi mmojawapo ni kesho ya usiku ambao nilimkemea mbele ya watu.

Nimeandika wasifu upya, na sehemu ya kati inasomeka hivi: "Aliunda mitumbwi 46 katika miaka 12. Aliwafundisha kazi vijana 7, ambao 5 kati yao wana karakana zao. Usiku wa kwanza wa kila chombo alilala ndani yake akikagua maungio kwa kiganja, na kwa sababu ya usiku huo familia yake ilimlaumu pasipo kujua. Mimi kaka yake ndiye niliyemlaumu zaidi, na ninamwomba radhi mbele yenu. Alizipenda nchi ya mawe na maji ya ziwa hili, na aliyajua majina ya viumbe wanaokaa humo. Alifariki kwa kichocho cha tumbo, ambacho daktari alitueleza kwamba kilikuwa kimeharibu ini lake kwa miaka mingi. Hakurogwa na mtu yeyote."

Yule mzee nilikwenda kumsalimia mwenyewe juzi jioni, na ameahidi kuja. Vijana wanne wa karakana wamekwisha kupimwa. Wawili wamekutwa na maambukizi na wamemeza dawa. Tezo itawekwa mezani, padre amekubali.

Ndugu wa Ukerewe, tafadhali njoo, na nafasi ya kusema utapewa baada ya wasifu. Jana usiku nilimsomea mama maelezo yako yote, akaniomba niyarudie pale unapoeleza mlivyolala. Kisha akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu, nami nakuletea wewe: anataka kujua kama blanketi lilikuwa linatosha, kwa maana usiku ziwani kuna upepo.

Mvuvi, Ukerewe

Nitakuja. Mwambie mama kwamba upepo ulikuwepo, ule unaoshuka kutoka nchi kavu baada ya saa sita. Yeye alikuwa amevaa sweta la kijivu la kufuma kwa mkono, lenye kiraka kwenye kiwiko. Blanketi alinipa mimi.